Mkono Mgeni

Asubuhi ile Edita hakunawa mikono, na wala hakusahau. Alikusudia.

Watu wa Makambako wakisimulia habari hii huanza na lori, wengine huanza na povu. Waache waanze wanapotaka. Habari yenyewe ilianzia kwenye beseni la maji ya moto lililokuwa mlangoni pa chumba cha wajazaji, pale kituo cha mafuta cha njia panda. Kila aliyeingia zamu alitakiwa asugue mikono mpaka viwikoni kwa sabuni ya Mamlaka, sabuni ya kijivu inayokwaruza ngozi na kunuka kama dawa ya kunguni. Edita alikuwa mkuu wa zamu ya asubuhi, na ndiye aliyekuwa hodari wa kuwafokea waliochovya vidole wakajidai wamenawa. Leo alilipita beseni kama halioni, mikono kaificha kwenye mifuko ya sweta, na mikono ile ilikuwa bado ina joto la mgongo wa mumewe.

Kastori alikuwa amelala nyumbani, mara ya kwanza baada ya safari mbili mfululizo za Lilongwe. Alioga, akala, akalala fofofo. Kulipokaribia kucha, usingizi haujamtoka vizuri, akauliza: "Leo Atupele yupo zamu?"

Basi, hayo tu. Dereva kamuulizia mjazaji wa lori lake. Lakini Edita aliyabeba maneno hayo njia nzima akiyatafuna na kuyacheua, na alipofika kituoni yalikuwa yameshageuka kitu kingine kabisa. Kwa nini amuulizie yule? Mbona hamuulizii mjazaji mwingine, Yusta, ambaye ana meno mabovu na watoto watano?

Kilichomuuma zaidi ni kwamba Atupele alikuwa rafiki yake. Binti wa Kinyakyusa kutoka Tukuyu, mdogo kwake, mcheshi, mwenye kicheko kinachosikika mpaka ng'ambo ya barabara. Alipoajiriwa, Edita ndiye aliyemfundisha kazi, akamtafutia chumba, akampa na blanketi. Kastori akipita Tukuyu, mama yake Atupele humtuma mzigo: parachichi, ndizi, maharage mabichi. Naye Kastori huufikisha mwenyewe, mkononi kwa mwenyewe. "Mzigo wa mama huo, shemeji," husema, na Atupele hupiga vigelegele kama kaletewa mahari. Mwanzoni Edita naye alikuwa akicheka. Siku hizi alikuwa akihesabu parachichi.

"Dada, njoo unipashe," Atupele alimwita asubuhi hiyo, akipuliza vidole. "Nimekuwa barafu."

Mafuta ya siku hizo wenyewe barabarani waliyaita uji. Kwenye vitabu vya Mamlaka yana jina refu ambalo hakuna dereva aliyewahi kulianza akalimaliza. Ni rojo la kijani, zito, limejaa vijidudu vinavyokula wanga na kutoa gesi inayosukuma injini. Uji uko hai, na chenye uhai kina tabia zake. Ukiwa ndani ya pampu umelala, wala hauamki mpaka uguswe na kiganja cha mtu, kiganja kitupu chenye joto. Ndiyo maana wajazaji hawavai glavu. Na kwa kuwa moto haukubaliwi karibu na pampu, wajazaji wa nyanda za baridi walikuwa na desturi yao ya kupashana. Kabla ya kujaza, mwenzako anaishika mikono yako katikati ya mikono yake, anaisugua mpaka ichemke.

Edita akaishika mikono ya Atupele. Akaisugua kwa nguvu, akaishikilia kupita kiasi, akiigeuza na kuichunguza kama anayenunua viazi. Ilikuwa laini. Alitaka jambo moja la kijinga, na mwenyewe alijua kuwa ni la kijinga: alitaka jasho la Kastori limpake yule binti, harufu yake imwingie puani, ajue mwenye mume ni nani.

"He! Leo mikono yako ina moto," Atupele akasema. "Umetoka kukaanga maandazi?"

"Nimetoka kulala na mume wangu."

"Jamani, dada! Hata chai hatujanywa!" Atupele akaangua kicheko kile kile cha kuvuka barabara, na Edita akatamani kukiziba kwa kitambaa.

*

Lori la Kastori liliingia ukungu ukiwa haujainuka. Mbele, juu ya bampa, aliandikisha kwa rangi nyekundu MAMA SHUKURU, jina ambalo Edita aliitwa tangu wampate binti yao, ambaye sasa alikuwa bwenini huko Njombe. Mwanamke gani asingependa jina lake lipite mipaka miwili? Hata hivyo lilipoingia, mwenye jina alitakiwa kurudi nyuma ya mstari wa njano, asiguse bomba wala kifuniko. Ndivyo ilivyotaka Sheria ya Mkono Mgeni.

Sheria hiyo haikutungwa kwa kuwaonea watu. Usukani wa malori yale hunyonya jasho la dereva kidogo kidogo na kulishusha tangini, ili uji umzoee mwenye gari, umtumikie kwa bidii, umkatalie mwizi. Hapo watengenezaji walipatia. Hawakujua tu kwamba uji uliomzoea mtu kwa upande wa usukani, ukija kuguswa na mtu huyo huyo kwa upande wa mdomo wa tangi, unadhani umefika nyumbani. Unafurahi, unazaliana ovyo, unatoa povu, na povu linapasua chuma. Walioigundua tabia hiyo hawakuwa wataalamu. Walikuwa madereva waliochoka kungoja kwenye foleni ya mpakani wakaamua kujijazia wenyewe, na wengi wao hawakuzikwa, maana hakukuwa na cha kuzika.

Tangu hapo ikawa marufuku dereva kujaza gari lake. Baadaye maabara zikaongeza la pili. Watu wanaolala kitanda kimoja hubadilishana vijidudu vya ngozi mwaka baada ya mwaka, hata kwa uji mikono yao inakuwa mkono wa mtu mmoja. Basi mke naye akapigwa marufuku. Sabuni ya Mamlaka huondoa vijidudu vya kuazima, vile unavyovipata kwa kusalimiana au kushika mlango, lakini vya kitandani vimeshaota, havioshwi, ila mkono ukishanawa havimhamii mwingine.

Kila mwaka wake za madereva walipimwa kwa kikombe. Unanawa, unatumbukiza mkono kwenye uji uliochotwa tangini mwa mumeo, povu likipanda unaandikwa mkono uliokatazwa. Ungedhani ni aibu. Thubutu! Ilikuwa sifa. Wanawake walivaa vizuri siku hiyo, wakachekana. Mwaka uliopita povu la Edita lilifurika mezani likalowesha viatu vya afisa Ndunguru, na wenzake wakamshangilia kama bibi harusi.

Lakini povu lilikuwa na upande wake wa pili. Likimtokea mjazaji ambaye si mke, mji mzima unajua kulikoni. Kuna mchungaji aliyehama wilaya kwa sababu ya povu.

"Shemeji, shikamoo!" Atupele alimpigia kelele Kastori, akifungua mdomo wa tangi.

"Marahaba, shemeji yangu. Mama yako anasema hupigi simu."

"Muongo huyo, juzi tu tumeongea! Umeniletea nini?"

Kastori akacheka, akashuka na kapu la parachichi, akaegemea tairi. Atupele alichota tangini kikombe cha akiba kama sheria inavyotaka, akakiweka rafuni, kisha akaweka kiganja chake kwenye mdomo wa tangi. Pampu ikaguna. Uji ukaanza kushuka. Edita, nyuma ya mstari wake, alitazama kiganja kile kimelala juu ya lori lenye jina lake, akamtazama mumewe anavyocheka na meno yote nje, na wivu ukamkaba. Nyumbani jana hakucheka hivi. Nyumbani alikula na kulala.

Halafu akaitazama geji.

Kazi ya mkuu wa zamu wakati wa kujaza ni hiyo tu, kutazama geji. Kijani, salama. Njano, povu limeanza, vuta kamba ya kengele, kila kitu kisimame. Nyekundu, kimbia kama una pa kukimbilia. Kwa miaka yote aliyofanya kazi Edita aliwahi kuiona njano kwenye mafunzo tu. Sasa mshale ulitikisika, ukaondoka kwenye kijani taratibu, ukaingia kwenye njano ukatulia humo.

Lo! Hakuna neno la kueleza kilichompata. Kwa hiyo ni kweli. Si ndoto, si fitina ya jirani, si parachichi. Uji hauna chuki na mtu, haudanganyi. Mkono ule ulikuwa umelala alikolala yeye.

Kamba ya kengele ilining'inia karibu na bega lake. Alichotakiwa kufanya ni kuinua mkono. Aliinua, akauacha hewani, akaurudisha mfukoni. Akivuta kengele, watakuja watu, wataambiwa, na yeye atasimama pale kama mke aliyeibiwa mume mbele ya macho yake na msichana aliyempa blanketi. Acha aende, moyo ukamwambia. Acha aende na povu lake.

Atupele akatoa kiganja, akafunga kifuniko, akageuka kuuliza kama desturi inavyotaka, kwa sauti ya kuimba: "Mkuu, geji?"

Hilo ni swali linaloulizwa kila siku, kwa kila gari, na jibu lake hutoka lenyewe.

"Kijani," Edita akasema.

Kastori akapanda, akapiga honi mara mbili kama kawaida yake. "Mama Shukuru, Alhamisi nipo! Niwekee ule ugali wa ulezi!" Lori likavuta mzigo wake kuelekea Iringa. Ukungu ukalimeza.

Edita alijiambia kwamba njano mara nyingine hushuka yenyewe. Ni kweli, hushuka, gari likitembea kwenye tambarare na baridi. Lakini njano ikipata joto la breki kwenye mteremko mrefu huwa nyekundu, na baada ya Iringa, mbele ya mumewe, kulikuwa na mteremko wa Kitonga. Hilo nalo alilijua. Alilijua wakati akisema kijani.

*

Edita alifanya kazi asubuhi nzima. Magari yaliingia, yakajazwa, yakaondoka. Ukungu uliinuka, jua likatoka lile la Makambako lisilopasha kitu. Wakati wa chai Atupele alikuja chumbani na parachichi kubwa, akalipasua kwa kisu, akampa Edita nusu yenye nyama nyingi.

"Kula, dada. La kwetu hilo. Shemeji kanichagulia mwenyewe."

Edita alilipiga kofi, likaangukia ukutani.

"Shemeji! Shemeji! Unaona utamu kuliita hilo jina? Tangu lini unalala na mume wangu?"

Atupele alibaki mdomo wazi, kisu mkononi. "Dada, unaumwa?"

"Usiniite dada! Nimeiona geji. Umelishika tangi lake, mshale umekwenda njano. Njano, Atupele! Nimekutoa kwenye basi na begi lako moja, nikakupa pa kulala, ukaona hapo hapatoshi, ukataka na kitanda changu?"

Atupele hakulia. Aliweka kisu mezani polepole. Uso wote ulikuwa umemwiva. Alikwenda kwenye beseni, akakunja mikono ya sweta, akasugua kwa ile sabuni ya kijivu mpaka viwikoni, akarudia, akarudia tena, maji yakamrukia usoni. Kisha akaenda rafuni, akakishusha kikombe cha akiba alichokichota asubuhi kutoka lori la Kastori, akakiweka mbele ya Edita.

"Tazama vizuri," akasema. "Tazama na ile roho yako."

Akatumbukiza mkono.

Uji ulitikisika kidogo, ukamzunguka vidoleni, ukatulia. Kijani kitupu. Hata kiputo kimoja hakikutokea. Walisimama hivyo wote wawili wakikiangalia kikombe, na nje honi zilikuwa zikilia za madereva waliochoka kungoja.

"Umeona?" Atupele akasema. "Mkono wangu huo. Kama njano uliiona, basi asubuhi nilikuwa na kitu cha kuazima. Nami niliponawa nilinawa, Yusta shahidi, tulikuwa naye. Baada ya hapo sijashika mtu. Sijamsalimia hata shemeji kwa mkono. Nimeshikwa na wewe tu. Umenipasha." Akamtazama Edita machoni. "Ulinawa?"

Edita aliirudisha mikono yake kwenye mifuko ya sweta.

"Dada. Asubuhi ulinawa?"

Aliona tena beseni, aliona mikono yake mfukoni, aliona alivyoikamua mikono ya mwenzake kwa makusudi ili impake jasho la mumewe. Na kweli lilimpaka. Lilimpaka vizuri sana. Povu lile halikuwa la kitanda cha Atupele. Lilikuwa la kitanda chake mwenyewe, alilibeba kwa mikono yake akampelekea mumewe.

"Ulisema kijani," Atupele akanong'ona. "Niliuliza geji, ukasema kijani. Mungu wangu! Shemeji yuko wapi saa hizi?"

*

Ofisi ya Mamlaka ilikuwa upande wa pili wa kituo. Afisa Ndunguru, mtu mnene mpole anayependa karanga, hakuuliza swali hata moja waliposema kuna lori lina njano linaelekea Kitonga. Aliruka kwenye redio ya upepo, karanga zikatawanyika sakafuni, akaliita lori kwa jina lake.

"Mama Shukuru, Mama Shukuru, hapa Makambako. Simama ulipo. Usishuke mteremko. Mama Shukuru, unanipata?"

Redio ikakwaruza. Madereva wengine wakadakia, kila mmoja na lake: mmoja alimwona Mafinga, mmoja alipishana naye Iringa mjini, anakwenda vizuri tu. Ndunguru akaita tena, akaita tena. Edita alikuwa ameshika ukingo wa meza. Alikuwa akisali, lakini sala yenyewe haikuwa na maneno, ilikuwa jina tu, Kastori, Kastori, Kastori.

"Nakupata, Makambako." Sauti yake ilikuja ya kawaida kabisa, ya mtu mwenye kitu mdomoni. "Nimesimama hapa Ilula. Nanunua vitunguu vya nyumbani. Kuna nini?"

Ilula, kabla tu ya Kitonga. Edita alikaa chini, palepale sakafuni kwenye karanga.

Ndunguru alimpa maelekezo: zima injini, ondoka karibu na gari, waambie na wauza vitunguu waondoke, gari la kunyonya povu linatoka Iringa sasa hivi. Kisha akachukua peni, akageuka, na kwa upole wake wote akauliza kile ambacho sheria inamtaka aulize redio ikiwa wazi, ili madereva wote wasikie wajihadhari.

"Mkono uliojaza ni wa nani?"

"Wangu," Atupele akasema.

"Ahaa." Ndunguru akamtazama binti yule, akatazama redio, akakohoa kidogo. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa amezoea tu. "Basi inaeleweka. Mambo haya hutokea, ni ubinadamu. Mama Shukuru, pole sana mama yangu. Wewe kama mkuu wa zamu nithibitishie tu: njano ilitokana na mkono wa huyu?"

"Atupele?" Kastori alisema redioni. "Mimi na Atupele? Afisa, unasema nini wewe?"

Hapo sasa. Edita alikuwa na neno moja tu la kusema, na neno lenyewe lilikuwa kweli: ndiyo. Mkono uliokuwa juu ya tangi ni wa Atupele, hakuna ambaye angebisha. Akilisema, binti atafutwa kazi kesho, atarudi Tukuyu na begi lake, na kicheko kile hakitasikika tena hapa. Kastori ataapa kwa miungu yote, lakini nani atamwamini mwanamume mbele ya povu? Atarudi nyumbani Alhamisi kichwa chini, mnyenyekevu, awe wa kwake peke yake. Na mke atakuwa amemwokoa mume aliyemkosea, na mji mzima utamsifu. Kikombe kile kilikuwa kimeonwa na watu wawili tu.

Alimtazama Atupele. Mikono ya binti yule ilikuwa bado imelowa, imekuwa myekundu kwa kusuguliwa, na alikuwa akitetemeka kwa baridi bila mtu wa kumpasha.

"Hapana," Edita akasema. Akainuka, akaisogelea redio. "Povu ni la mikono yangu. Sikunawa. Nilimpasha mwenzangu sijanawa, na nilifanya makusudi."

Peni ya Ndunguru ikasimama. "Na geji? Haikuonyesha?"

"Ilionyesha."

"Ulikuwa hujaitazama?"

"Niliitazama. Niliona njano gari likiwa bado liko mbele yangu. Nikasema kijani."

Barabara nzima ilinyamaza. Kuna malori mengi kati ya Tunduma na Morogoro saa kama zile, na madereva wake si watu wa kunyamaza, lakini walinyamaza.

"Kwa nini, Mama Shukuru?" Kastori akauliza. Hakufoka. Afadhali angefoka.

"Wivu, Baba Shukuru. Nilidhani una yule. Niliona wivu."

"Ulijua napita Kitonga."

"Nilijua."

Alisikia pumzi yake, na nyuma ya pumzi ile sauti za wauza vitunguu wakibishana. Kisha redio ikatoa mlio mdogo wa mtu kuizima.

*

Edita alinyang'anywa ruhusa ya kujaza mpaka msimu wa vipimo ufike. Alipewa ufagio. Ukuu wa zamu akapewa Atupele, ambaye aliendelea kumsalimia kila asubuhi, shikamoo dada, na baada ya hapo hakuongeza neno.

Kastori hakumpiga, hakumtukana, hakuita wazee. Alipanga chumba Mafinga. Ada ya Shukuru alipeleka, mahindi alipeleka, na alipopita nyumbani alikaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango. Siku moja Edita alimuuliza kama atalala. "Sitaweza kupata usingizi," akasema, na ilikuwa wazi kwamba hasemi kwa kumkomoa. Siku nyingine Edita aliona kifungo cha shati lake kimeshonwa kwa uzi mweupe. Yeye hakuwa na uzi mweupe. Alikesha na kifungo kile juma zima, akamvisha kila mwanamke wa Mafinga aliyemjua na asiyemjua, lakini hakuuliza. Haki ya kuuliza alikuwa ameipoteza redioni mbele ya watu wote.

Msimu wa vipimo ulifika. Wanawake wakavaa vitenge vyao, wakapanga foleni wakichekana kama kila mwaka. Yusta, na meno yake yale, alitoa povu akapigiwa makofi, akazunguka na kucheza. Ikafika zamu ya Edita, na kelele zikapungua, maana habari yake kila mtu aliijua. Alinawa mpaka viwikoni. Ndunguru akaweka kikombe kilichochotwa kutoka lori la Kastori, akasogeza viatu vyake nyuma akikumbuka mwaka jana.

Edita akatumbukiza mkono.

Uji ukamzunguka vidoleni, ukatulia. Ndunguru akangoja. Akakitikisa kikombe kidogo, akaangalia kwa upande, akangoja tena kuliko alivyomngoja mtu yeyote siku hiyo. Edita alisukuma mkono mpaka ukagonga chini ya kikombe. Panda, aliuambia moyoni. Panda basi, hata kidogo, mimi ndiye. Ulibaki kijani kama bwawa.

"Naam," Ndunguru akasema, bila kumtazama usoni. "Umepita. Mkono mgeni. Kisheria sasa unaweza kulijaza lori lake."

Lilikuja asubuhi ya pili yake, ukungu ukiwa haujainuka. Maandishi mekundu yalikuwa bado yapo juu ya bampa, yamechunwa na kokoto hapa na pale. Kastori alishuka, akaona ni nani aliyesimama kwenye pampu, akaitikia kwa kichwa kama dereva anavyomwitikia mjazaji, akaenda kuegemea tairi na kutazama barabara.

Mikono ya Edita ilikuwa barafu. Alikuwa akiipuliza bila mafanikio pale Atupele alipomjia kimya kimya, akaichukua katikati ya mikono yake, akaanza kuisugua. Hakumwangalia. Aliisugua mpaka ikachemka, kisha akaiachia, akarudi kwenye geji yake.

Edita akauvuka mstari wa njano, akafungua mdomo wa tangi, akaweka kiganja. Pampu ikaguna. Uji ukaamka chini ya mkono wake, ukashuka taratibu, kwa adabu, kama unavyoshuka kwa mtu yeyote. Alipomaliza akafunga kifuniko. Kuuliza alitakiwa aulize.

"Mkuu, geji?"

Atupele aliutazama mshale mara ya pili.

"Kijani, dada," akasema.

Lori likaondoka. Honi haikupigwa. Edita akaning'iniza bomba mahali pake, akafuta matone kwenye saruji, akarudi kusimama nyuma ya mstari wa njano, ingawa hakukuwa tena na sheria iliyomtaka arudi.